Kitambaa Kimoja kwa Vyungu Arobaini

Mkoba wake ulipekuliwa saa kumi na dakika tano alasiri, mlangoni, mbele ya wateja watatu na karani wa mapokezi. Ndani mlikuwa na mwavuli, miwani ya kusomea, leso, na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Mlinzi ndiye aliyetoa vitu kimoja kimoja, macho yake yakiangalia sakafu. Mfuko aliufungua afisa utawala mwenyewe.

"Haya ni nini?"

"Majani," mwanamke alijibu.

Jibu lilikuwa sahihi, na ndilo lililommwagia unga.

Alikuwa ametunza mimea ya jengo lile la ofisi kwa miaka kumi na tisa. Ghorofa nne, vyungu arobaini, dirisha moja zuri kila upande na mengine ya kubahatisha. Wafanyakazi walimwita Dokta. Hakuwa na cheti cha kumpa jina hilo. Alikuwa na mkasi, chupa ndogo ya spiriti, na desturi ya kuligeuza jani na kulitazama upande wa chini kabla hajasema lolote. Wahasibu walimcheka kwamba hata salamu anaipokea hivyo: anaigeuza kwanza.

Angeweza kueleza yale majani ni ya nini. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, wageni walimletea mkurugenzi zawadi ya mmea wa majani mapana, chungu kimezungushiwa utepe mwekundu. Dokta aliligeuza jani la chini. Alikuta madoa ya kahawia, kila moja kama alama ya kikombe cha chai juu ya gazeti, ila dogo kama punje ya dengu, na pembeni yake duara la njano. Kuvu. Hakupiga kelele. Aliuhamishia mmea kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, akaufungia peke yake. Kila siku mbili aliingia humo, akakata jani lililoonyesha doa, akafuta mkasi kwa spiriti, ndipo akakata la pili. Majani aliyafunga kwenye mfuko akaenda kuyachoma nyumbani kwake, kwa sababu mapipa ya taka ya jengo hushinda wazi ukumbini hadi lori lije, na lori huja mara mbili kwa wiki.

Haya yote yalihitaji dakika moja kuelezwa. Lakini mtu wa miaka kumi na tisa hakutarajia kuulizwa kama mwizi, na Dokta ana kiburi cha kimya, kile kibaya zaidi. Alisema "majani", akasubiri mtu amuulize kwa adabu. Hakuna aliyemuuliza. Afisa utawala alisema amepata taarifa kwamba mimea ya ofisi inatolewa vipande na kuuzwa mitaani, na sasa ameona kwa macho yake; kesho akabidhi ufunguo, kazi imekwisha.

Taarifa ilitoka kwa wifi yake.

Huyo wifi, mdogo wa mume wake, aliingia jengoni kwa mkono wa Dokta. Ndoa yake ilipovunjika alikuja na sanduku moja, akakaa miezi minane kwenye chumba cha watoto wao ambao walikwishaoa na kuolewa. Dokta alimwombea kazi ya usafi, akapata. Akapangiwa vyoo vya ghorofa zote nne. Kwa miaka miwili alishuka ngazi na ndoo yake, mikono ikinuka dawa, akimpita wifi yake aliyesimama dirishani na kopo la maji kama mtu anayemwagilia maua ya nyumbani kwake. Hakusema kitu. Siku aliyosema, alisema kwa afisa utawala.

Makabidhiano yalifanyika kesho yake asubuhi. Wifi, aliyepewa nafasi yake, alinyoosha mkono kupokea ufunguo wa stoo.

"Kuna la kuniachia, wifi?"

"Ufunguo huo," Dokta alisema.

Hakuongeza neno. Mle ndani, nyuma ya mlango, palikuwa na mmea mgonjwa uliobakiwa na majani matano, mawili yakiwa na madoa. Dokta alijua. Alijua pia kwamba mtu asiyejua atauona ni mmea mzuri uliofichwa. Alimtazama wifi yake akitia ufunguo mfukoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Kitu kimoja tu aliomba kuondoka nacho. Pale mapokezi, kando ya mlango wa kioo, ulisimama mmea mrefu kuliko mtu, shina nene kama mkono, majani ya kijani yaliyomwagikiwa rangi ya krimu. Wafanyakazi waliuita Shangazi, kwa kuwa huona kila anayeingia na kila anayechelewa. Ni Shangazi pekee duniani asiyesema, walitania. Mmea huo aliupata kwa mama yake, kipande cha shina urefu wa kidole, kimefungwa kwenye gazeti bichi, siku alipoolewa. Nyumbani hapakuwa na mwanga wa kutosha. Mwaka wake wa pili kazini aliuleta ofisini, na mama yake alipofariki hakuachiwa kitu kingine kinachoota.

"Hauwezi kutoka," afisa utawala alisema. Akamwonyesha stika kwenye chungu. "Una namba. Ni mali ya ofisi."

Dokta aliisoma ile stika, akaisoma tena. Kisha akaenda zake.

Nyumbani, mume wake ni fundi cherehani na cherehani yake iko barazani, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nyumba hiyo asiousikia. Dada yake alikuwa amekwisha kuhamia chumba cha kupanga. Mkewe alikaa kimya siku nne. Siku ya tano alisema jambo moja tu: utomvu wa Shangazi ukigusa ulimi, ulimi huvimba mtu asiweze kuongea siku nzima, na anajuta hakumtafunisha wifi yake kipande kabla ya siku ile.

"Yeye dada yangu, wewe mke wangu," fundi alisema bila kuinua macho. "Mimi naomba nishone suruali."

Aliyeleta habari alikuwa mlinzi, yule yule aliyepekua mkoba. Alikuja Jumamosi moja na zipu iliyoharibika. Alisimama barazani akiishika suruali yake ya kazi kama ngao.

"Niliamriwa, Dokta."

"Najua. Kaa. Niambie yaliyoko."

Mlinzi akakaa, akaeleza. Wifi alifungua stoo siku ile ile. Alipouona mmea wa mkurugenzi, alimwendea afisa utawala mbio, kwamba tazama, bosi, hata huu alikuwa amekwisha kuuficha tayari kwa kuuza. Alipewa pongezi. Akayakata yale madoa kwa mkasi kama mtu anayekata kucha, akaurudisha mmea mezani kwa mkurugenzi, na utepe wake. Kisha akaanzisha utaratibu wake mwenyewe. Kila asubuhi anachota maji kwenye ndoo, anatia tone la mafuta ya kupikia, anachovya kitambaa, na anafuta jani moja moja ili ling'ae. Anaanza kwa mkurugenzi juu, anashuka ghorofa kwa ghorofa. Jioni, kabla madirisha hayajafungwa, anapita tena na chupa ya kunyunyizia, anarashia maji majani yote.

"Kitambaa kimoja?" Dokta aliuliza.

"Kimoja. Cha bluu."

"Ndoo moja?"

"Moja. Na bosi anafurahi kweli. Anasema sasa mimea inang'aa, zamani ilikuwa kama imenuna."

Dokta alicheka hadi akakohoa. Fundi aliacha kushona akamtazama. Ilikuwa miezi tangu akisikie kicheko hicho.

"Sikiliza, kaka," alimwambia mlinzi. "Kuvu haina mabawa. Vimbegu vyake ni vumbi tu, vinakaa kwenye doa vikisubiri kubebwa. Na vikibebwa, haviwezi kuota kwenye jani kavu. Vinataka jani lililolala limelowa. Sasa huyu asubuhi anavitafutia usafiri, jioni anavitandikia kitanda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zipu yako ikiharibika tena Jumamosi ijayo, uilete."

Iliharibika Jumamosi sita mfululizo. Kwanza ghorofa ya nne, madoa kwenye majani ya chini. Kisha ya tatu. Wifi, akiyaona, alizidisha kufuta, akazidisha maji, kwa kuwa alidhani ni kiu. Kwenye ghorofa ya pili majani yalianza kudondoka juu ya mafaili. Dokta alitaka kila kitu kwa ukamilifu: chungu kipi, jani la wapi, doa lina duara au halina. Mlinzi akisahau, alimrudisha nyuma. "Sema tena kile cha karibu na mashine ya kunakilia." Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesuguliwa mgongo.

Hakujificha kuhusu furaha yake. Alikuwa amepoteza kazi, heshima ya mlangoni na mmea wa mama yake kwa maneno ya mtu aliyelishwa naye miezi minane. Kila jani lililoanguka alilihesabu kuwa neno moja la yule mtu linalomrudia.

Jumamosi ya saba mlinzi hakukaa.

"Shangazi naye kaanza."

Dokta alifungua macho. "Haiwezekani. Yuko mlangoni, anapigwa na upepo mchana kutwa."

"Majani mawili ya chini. Yana duara. Na bosi wa utawala amechoka, Dokta. Amesema mwisho wa mwezi mimea yote inatupwa, vyungu vyote, ataleta ya plastiki. Ameshachagua hadi rangi."

Cherehani ilinyamaza. Dokta aliangalia mikono yake. Alikuwa ameweka akilini mwake vyungu vyote arobaini, na katika hesabu hiyo Shangazi alisimama daima kando, kama mtu wa nyumbani ambaye moto wa jirani hautamfikia. Lakini kitambaa kilichoanza kwa mkurugenzi kiliishia mapokezi. Na mmea ule wa mkurugenzi hapo awali ulikuwa umefungiwa stoo, na mtu mmoja tu alijua kwa nini.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," mlinzi alisema taratibu. Alikuwa amekwisha kuelewa, kwa sababu walinzi hukaa muda mrefu na mambo kichwani.

"Sijakuomba pole. Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akinyamaza siku nane zaidi, wifi yake angefukuzwa pamoja na ndoo yake, na Shangazi angetupwa kwenye lori. Akisema, Shangazi angeweza kupona, na wifi naye angepona pamoja naye. Jumapili yote alizunguka na mambo hayo mawili. Fundi alimsikia akifungua kabati, akitoa mkasi, akiufuta. Jumatatu saa mbili alikuwa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza ya afisa utawala, mkoba magotini.

"Mimea yako ninaweza kuiponya," alisema. "Si yote. Mingi. Siombi kurudishwa. Nina sharti. Leo saa kumi na dakika tano, pale mlangoni, nataka mniite tena. Awepo karani, awepo mlinzi, awepo wifi yangu na ndoo yake na kitambaa chake. Nitauliza maswali machache."

"Maswali ya nini?"

"Yale mliyosahau kuniuliza mimi."

Afisa utawala alikuwa mtu wa orodha, si mtu wa roho mbaya, na vile vile mkurugenzi alikuwa amelalamika mara mbili kuhusu majani kwenye mafaili. Akakubali.

Saa kumi na dakika tano walisimama. Kulikuwa na wateja pia. Saa hiyo huwapo. Wifi alishika ndoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo wifi," alisema, ingawa hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba. Asubuhi unaanza na chungu kipi?"

"Cha mkurugenzi."

"Unafanya nini?"

"Nakifuta."

"Kwa kipi?"

Wifi alikiinua kitambaa cha bluu.

"Halafu?"

"Nakwenda ukumbini. Halafu nashuka ya tatu."

"Unabadilisha kitambaa?"

"Nakisuuza."

"Kwenye nini?"

Wifi aliitazama ndoo. Karani wa mapokezi, ambaye mimea ya ghorofa zote ilipita mdomoni mwake kila siku kama habari za msiba, alianza kuhesabu kwa vidole: mkurugenzi, ukumbi, ya tatu, ya pili. Ulikuwa mpangilio ule ule ambao majani yaliufuata katika kufa. Afisa utawala naye aliuona, kwa sababu alikuwa ameuandika kwenye ripoti.

"Na Shangazi?"

"Wa mwisho. Nikimaliza."

"Na yale majani kwenye mkoba wangu, siku ile. Ulijua ni ya nini?"

Mlango wa kioo ulifunguka, mteja akaingia, akasimama.

"Ulijua, wifi?"

"Nilikuona stoo unayakata," wifi alisema. "Unafuta mkasi, unakata. Nilijua si ya kuuza."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba unauza."

"Sema kwa sauti, baba pale kwenye foleni hajasikia."

"Niliwaambia anauza!" Sauti ilipanda hadi ghorofa ya pili. Machozi yalimtoka. Dokta alimgeukia afisa utawala.

"Je, afukuzwe?" afisa utawala aliuliza, akitaka sasa kuonekana mtu wa haki.

"Afukuzwe ya nini? Akiondoka nitamwonea wapi?"

Mlinzi peke yake ndiye aliyecheka.

Kazi ilichukua siku tatu. Mmea wa mkurugenzi aliung'oa wote, na utepe wake, akauchoma. Mingine aliitenganisha, wagonjwa upande wa dirisha la mashariki, wazima mbali nao, nafasi ya mkono mmoja kati ya chungu na chungu ili upepo upite. Jani lenye doa alilikata, mkasi spiriti, jani jingine, mkasi spiriti. Udongo wa juu uliojaa majani makavu aliuondoa. Alinyunyiza dawa ya unga wa shaba iliyokorogwa kwa kipimo cha kwenye pakiti, juu na chini ya majani, asubuhi, na akaagiza irudiwe kila baada ya siku kumi. Maji: asubuhi, kwenye udongo, baada ya kutia kidole na kukuta pakavu. Kwenye jani, hapana. Vumbi likizidi, chungu kimoja kitambaa kimoja, na kitambaa kichemshwe.

Vyungu vitupu alivisugua wifi, kwa dawa ya madoa, ndani ya stoo chini ya ngazi. Dokta alikaa kwenye kigoda akikagua.

"Humu ndimo ule mmea ulimokuwa," wifi alisema bila kugeuka. "Uliponipa ufunguo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia."

"Nikakunyamazia."

"Sasa tofauti yetu nini?"

Dokta alikitazama chungu alichokabidhiwa, akapitisha kidole ndani ya ukingo wake, akakirudisha. "Rudia hiki. Bado kinateleza."

Lakini swali alikwenda nalo nyumbani. Ilipofika zamu ya kumtibu Shangazi alikuta majani sita yameliwa na kuvu, na shina limeanza kulainika chini, kwa maji ya jioni. Mmea mzima haukuwa na namna ya kuokolewa. Alivaa glavu. Alikata shina juu ya sehemu iliyooza, akalikata tena vipande vitano, kila kimoja na kifundo chake, akavilaza juu ya gazeti vikauke kidonda. Kesho yake akavifunga, akavitia mkobani. Mlangoni afisa utawala alimsimamisha.

"Mama, hiyo ni mali ya ofisi."

"Chungu kile pale," Dokta alisema. "Na stika yake, na namba yake. Hakuna aliyekigusa."

Afisa utawala alikwenda, akainama, akaisoma stika kwenye chungu kitupu. Haikusema kitu kuhusu mmea. Mlinzi alikuwa amekwisha kumfungulia mlango.

Vyungu ishirini na sita vilipona. Mimea ya plastiki haikununuliwa. Alhamisi iliyofuata Dokta alirudishwa kazini kwa barua, na wifi akarudishwa vyooni, ghorofa zote nne, na ndoo ile ile. Hukutana kwenye ngazi. Huamkiana. Anayeamkia kwanza ni wifi.

Vipande vitano vililazwa kwenye mchanga barazani, mbali na mvua. Viwili vilioza. Vitatu vilitoa chipukizi, kwanza kama ncha ya penseli, kisha jani lililokunjwa, kisha jani kamili lenye krimu, ndipo kila kimoja kikapewa chungu chake. Fundi alijaribu bahati yake siku moja. "Mpe dada kimoja, mke wangu, yaishe." Dokta alivisogeza vyungu mbali na mkono wake, naye akarudi kwenye suruali.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja mwenyewe. Alileta sabuni na sukari kama mtu anayekwenda kwenye uchumba. Aliomba radhi kwa maneno mengi, akiwa amekaa pale alipoonyeshwa kukaa: kiti cha barazani kinachotazama vile vyungu vitatu. Dokta alimsikiliza hadi mwisho. Alimletea maji. Alisema amesikia.

Mchana ukapita taratibu. Cherehani ilikwenda na kusimama. Jani la katikati lilikuwa limeingiwa na vumbi la barabarani, na wifi, akiongea habari nyingine kabisa, alinyoosha kidole kulifuta.

"Mkono, wifi."

Wifi aliurudisha mkono wake, akaukalia.